Miguu inapiga sana lakini mwili hauendi: uzi wa teke la mtindo huru

Mkazi wa Upanga:

Wadau wa kuogelea, salaam. Nimesita muda mrefu kuandika uzi huu kwa sababu kisa chenyewe kinachekesha kidogo, lakini naona wengi wanaojifunza kuogelea ukubwani wanakwama pale pale nilipokwama mimi, na wanaambiwa neno lile lile nililoambiwa mimi, ambalo halikunisaidia kitu.

Nilianza kujifunza mtindo huru, yaani kuogelea kifudifudi mikono ikipokezana, nikiwa na miaka 41, baada ya kucheza mpira tangu utotoni hadi goti liliponilazimisha kustaafu. Kwenye bwawa la mita 25 nilikuwa nafika ng'ambo, ila nikifika nashika ukingo nikihema kama mtu aliyepanda ghorofa kumi kwa ngazi. Mwalimu niliyekuwa naye wakati huo alisimama ukingoni na filimbi yake, na kila nilipolegea alipaza sauti: "Piga miguu! Piga miguu!" Nami nilipiga. Maji yaliruka hadi kwenye viti vya wazazi waliokuja kuwasubiri watoto wao, na kadiri nilivyozidi kupiga ndivyo nyonga zilivyozidi kuzama.

Siku moja alinipa ubao wa kuogelea akaniambia nivuke bwawa kwa miguu peke yake. Tulianzia penye ngazi ya chuma, mita chache kutoka ukutani. Nilipiga kwa nguvu zangu zote kwa muda unaokaribia dakika nzima, kisha nikainua macho nione nimebakiza kiasi gani. Ile ngazi, ambayo nilidhani nimeshaiacha mbali, ilikuwa mbele yangu. Nilikuwa nimerudi kinyumenyume. Mtoto wa miaka kama saba alinipita kushoto, miguu yake ikitoa povu dogo tu, akanitazama kwa huruma.

Nilimwomba kijana mmoja anirekodi kwa simu iliyotiwa kwenye mfuko usiopitisha maji, na nilipotazama video niligundua kwamba sikuwa na upungufu wa nguvu hata kidogo. Nilionekana kama mtu anayeendesha baiskeli: goti linakunjwa, paja linashuka kuelekea tumboni, kisha ugoko unafyatuka kwenda mbele. Paja linaposhuka namna ile hukabili maji kama mlango uliofunguliwa, kwa hiyo kile nilichokipata kwa mikono nilikilipa kwa mapaja. Ubaya mkubwa zaidi ulikuwa kwenye wayo. Wayo wangu ulisimama pembe mraba na ugoko, kama wa mtu aliyesimama sakafuni, na ugoko ulipofyatuka, sehemu ya juu ya wayo iliyasukuma maji kuelekea mbele, yaani kule kule nilikotaka kwenda. Mwili ukatii sheria ya Newton ukarudi nyuma.

Mpira unachangia sana katika hili, na mbio pia. Mkimbiaji na mchezaji mpira wanahitaji kifundo cha mguu kilichokaza, kinachoisukuma ardhi bila kuyumba. Mwogeleaji anahitaji kifundo kinacholegea kiasi kwamba maji yenyewe ndiyo yanayokinyoosha: mguu unaposhuka wayo unabaki nyuma kidogo, vidole vikielekea nyuma na kugeukia ndani kiasi, hadi vidole gumba vinakaribia kugusana vinapopishana. Hapo sehemu ya juu ya wayo huyasukuma maji chini na nyuma. Mtu hawezi kuupata mwendo huo kwa kukaza vidole kama mcheza baleti, kwa sababu ukikaza vidole unakaza na shavu la mguu, na ndani ya dakika chache misuli inakamaa.

Teke lenyewe huanzia nyongani. Paja hutangulia kushuka, goti hulegea kidogo tu kwa sababu maji yanalirudisha nyuma, si kwa sababu umelikunja, kisha ugoko na wayo humalizia. Katika kurudi juu mguu hunyooka na kazi hufanywa na makalio na misuli ya nyuma ya paja. Upana wa teke, kutoka wayo wa juu hadi wa chini, ni kama sentimita 30 hadi 40. Langu, kwa makadirio ya video, lilikuwa karibu mara mbili ya hapo.

Kuna na habari ya kichwa, ambayo naitaja kwa kifupi ingawa ndiyo iliyoniokoa mapema zaidi kuliko yote. Mapafu yana hewa, kwa hiyo kifua kinaelea. Miguu ni mifupa na misuli, kwa hiyo inazama. Ukiinua kichwa utazame mbele, miguu inashuka, na wewe kwa kuona inashuka unapiga kwa nguvu zaidi. Nilipoanza kutazama sakafu ya bwawa, nusu ya kazi niliyokuwa nikiipa miguu iliisha yenyewe. Nusu iliyobaki ni teke dogo, laini, lisilokoma, ambalo kazi yake ya kwanza kwa mtu wa kiwango changu ni kuziweka nyonga juu. Nguvu nyingi ya kusonga inatoka mikononi, na misuli ya mapaja ni mikubwa mno. Ukiipa kazi ya kukusukuma kabla haijajua njia, itakumalizia pumzi yote. Ndiyo maana naamini kwamba mtu mzima anayezama miguu asiambiwe apige zaidi. Aambiwe apige kidogo, kwa ulaini.

Nina maswali mawili ambayo bado yananishinda. Kwanza, kifundo cha kushoto kimeanza kulegea vizuri, lakini cha kulia kinagoma, na sijui kwa nini. Pili, sielewi mateke yalingane vipi na mikono. Wengine wanasema sita, wengine mawili, na nikijaribu kuhesabu ndani ya maji nasahau kuvuta pumzi.

BintiKisauni:

Ndugu Mkazi wa Upanga, pole, na hongera kwa kukubali kurekodiwa, maana watu wazima wengi hukataa kujiona. Nafundisha watoto na kina mama hapa Mombasa, na kwa uzoefu wangu ubao ule uliopewa mapema ni sehemu ya ugonjwa. Mtu akiushika huku kichwa kiko juu, mgongo unapinda, nyonga zinashuka, na njia pekee inayobaki ya kuyafikia maji ni kukunja goti. Ubao mimi huutoa mwishoni, na hata wakati huo humtaka mwanafunzi atie uso majini.

Huanzia chali. Mwanafunzi analala chali, masikio ndani ya maji, kitovu juu, mikono kando ya mapaja, anapiga miguu huku akitazama magoti yake. Sharti ni moja tu: goti lisichomoze nje ya maji. Likichomoza anajua mwenyewe, sina haja ya kupiga kelele. Vidole vya miguu ndivyo vinavyoruhusiwa kukaribia juu, na maji yatokote hapo kama chungu cha maharage, yasiruke kama mafuta ya moto yaliyoingiwa na maji. Sauti nayo inafundisha. Teke zuri lina mvumo mzito wa chini kwa chini. Ukisikia makofi, nyayo zinatoka nje na kupiga hewa.

Watoto huwaambia wafikirie kwamba wamevaa kandambili iliyolegea na imejaa mchanga, wanataka kuitupa bila kuinama. Hakuna mtoto anayetupa kandambili kwa kukaza wayo. Lakini mwezi uliopita nilikuwa na mama mmoja ambaye nyonga zake zilitembea sawasawa, magoti sawasawa, na bado hasogei. Nilizamisha mkono nikamshika vidole vya miguu, nikavikuta vimekunjwa na kubana kabisa, kama vya mtu anayeizuia kandambili isimtoke kwenye matope. Alikuwa anaogopa kina, na hofu yote ilikuwa imekaa kwenye vidole. Tulirudi kwenye maji ya kiuno, akashika ukingo, nikamwambia aviache vidole vife. Alivuka upana wa bwawa siku ile ile.

Kwako wewe ambaye umeshazoea kina, nakushauri teke la wima. Simama wima kwenye maji marefu, mikono imekunjwa kifuani, halafu upige miguu midogo midogo kwa sekunde 15, upumzike, urudie. Maji yatakusahihisha kuliko mimi: ukiendesha baiskeli unazama hadi puani, ukilegeza unapanda hadi kidevu kinakuwa huru. Tafadhali usilifanye zoezi hilo peke yako.

Mwendo Pole:

Nashangaa namna mnavyolipa suala hili uzito. Mimi huogelea na boya la kubana mapajani, miguu imetulia kabisa, na ninawapita wengi wanaopiga miguu kama wanafukuzwa. Kama nguvu inatoka mikononi, kama mleta uzi alivyokiri mwenyewe, kwa nini tusiiache miguu ipumzike?

Nahodha Mstaafu:

Hamjambo vijana. Namjibu Mwendo Pole kwanza. Ngalawa haisukumwi na ndubi, zile mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke, inasukumwa na tanga. Lakini zing'oe ndubi uone tanga litakupeleka wapi. Hilo boya unalobana mapajani ndilo ndubi zako. Livue, kisha uogelee miguu ikiwa imetulia vile vile, halafu urudi hapa utuambie.

La pili ni kwa watu wa pwani. Sisi tuliojifunza kuogelea kwa kurukia kutoka gatini tulipokuwa wadogo Unguja, hakuna aliyetufundisha teke, na hatukuona kasoro yoyote kwa sababu chumvi ilitubeba. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji ya bwawa kwa kama asilimia mbili na nusu, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuziinua nyonga za mtu mwembamba. Halafu baharini unaogelea kichwa juu, utazame wimbi na utazame boti. Nilipohamia Dar es Salaam nikaingia kwenye bwawa kwa mara ya kwanza, nilidhani maji yale yana hitilafu. Miguu ilishuka kama imefungwa mawe.

Na msidhani teke hili ni elimu ya mabwawani tu. Duke Kahanamoku, aliyeshinda mita 100 mtindo huru kwenye Olimpiki kule Stockholm mwaka 1912 na tena Antwerp mwaka 1920, alikulia kwenye mawimbi ya Hawaii, na teke lake la haraka la miguu iliyolegea ndilo lililowashangaza watu wa wakati wake. Mtu wa kisiwani huyo.

Mita Elfu:

Shikamoo mzee Nahodha. Mfano wa ndubi nimeuchukua, nitautumia kwa wenzangu.

Naomba nijibu swali la pili la mleta uzi, maana nimehangaika nalo miaka kadhaa. Mzunguko mmoja wa mikono ni mkono wa kulia na wa kushoto, kila mmoja mara moja. Katika mzunguko huo unaweza kupiga mateke mawili, manne au sita. Sita ni matatu kwa kila mkono, na ndiyo hesabu ya waogeleaji wa mita 50 na 100, kwa sababu mbio hizo ni fupi na mtu anaweza kumudu kuichosha miguu. Mawili ni teke moja kwa kila mkono, na linawafaa wanaokwenda mbali. Manne yako katikati, na wengi huyapiga bila kujua.

Teke la mateke mawili lina siri moja, nayo ni kuvuka: mkono wa kulia unapoingia majini na kunyooka mbele, mguu wa kushoto ndio unaoshuka, mkono wa kushoto unapoingia, wa kulia unashuka. Sababu yake unaweza kuihisi hata ukiwa kitandani. Mguu wa kushoto ukishuka kwa nguvu, nyonga ya kushoto inapanda, kiwiliwili kinageukia upande wa kulia, na mkono wa kulia unapata urefu wa ziada bila bega kuhangaika. Ukipiga mguu wa upande ule ule wa mkono, mwili unagombana wenyewe kwa wenyewe. Hapo ndipo Mwendo Pole anapokosea, kwa sababu hata teke hilo dogo kabisa, ambalo kwa macho ya mtu aliyeko ukingoni halionekani kama kazi, ndilo linaloanzisha mgeuko ambao mikono yake inautegemea.

Mabingwa hubadilisha hesabu katikati ya mbio. Kwenye mashindano ya dunia ya Shanghai mwaka 2011, Mchina Sun Yang alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 14:34.14. Sehemu kubwa ya mbio zile miguu yake ilikwenda kwa utulivu kama ya mtu anayewaza jambo jingine, kisha katika mita 50 za mwisho akaiwasha yote akazimaliza kwa sekunde 25.94. Ian Thorpe wa Australia, bingwa wa mita 400 kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 kwa dakika 3:40.59, alikuwa na nyayo kubwa mno na vifundo vilivyolegea, na ukitazama picha za chini ya maji utaona teke lake halina papara hata kidogo.

Michezo hiyo hiyo ya Sydney ina somo la upande wa pili, nami nalitaja kwa heshima. Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta alijifunza kuogelea miezi michache tu kabla ya Michezo hiyo, akifanya mazoezi kwenye bwawa dogo la hoteli, na hakuwa ameliona bwawa la mita 50 kabla hajafika kule. Wenzake wawili waliondolewa kwa kutangulia mlio, akabaki kuogelea mita 100 peke yake. Alianza kwa nguvu. Aliporudi, kichwa kilikuwa juu, nyonga chini, na kila teke lilimgharimu pumzi kuliko lilivyomsogeza. Alimaliza kwa dakika 1:52.72, katika michezo ambayo Mholanzi Pieter van den Hoogenband aliogelea umbali huo kwa sekunde 47.84. Ujasiri wake haupimiki kwa saa. Lakini mimi nikitazama zile mita za mwisho najiona mwenyewe nilivyokuwa.

Kwa hiyo, ndugu Mkazi wa Upanga, usihesabu sita. Anza na mawili, na usiyahesabu: fikiria mkono wa kulia na mguu wa kushoto kama vimefungwa kwa uzi mmoja.

Fizio wa Dodoma:

Mimi natibu viungo na niko mbali na bahari kuliko nyote, ila nina neno kuhusu vifundo. Kwa mtu aliyecheza mpira zaidi ya miaka 20, ulaini hautarudi kwa wiki mbili. Zoezi la nyumbani ni kupiga magoti juu ya mkeka, sehemu ya juu ya nyayo ikiwa imelala chini, kisha kukalia visigino taratibu kwa sekunde 20 hadi 30, mara tatu au nne. Ukisikia mvuto juu ya wayo na mbele ya kifundo, ni sawa. Ukisikia maumivu gotini, acha, na wewe uliyesema goti lilikustaafisha uweke mto kati ya makalio na visigino, au ufanye ukiwa umeketi kwenye kiti kwa kuuvuta wayo kwa mkono.

Mapezi mafupi ya mpira ya kuvaa miguuni nayo husaidia, kwa sababu uzito wa maji juu ya pezi unaunyoosha wayo kwa nguvu ambazo wewe huwezi kuzitoa. Dakika chache kwa siku zinatosha. Mtu akiyazoea mno, anayaachia yamfanyie kazi na goti linarudi kwenye baiskeli.

Sasa nikuulize jambo ambalo halihusiani na bwawa. Je, unaswali?

Mkazi wa Upanga:

Naswali, alhamdulillahi. Sijaelewa swali limetokea wapi.

Fizio wa Dodoma:

Kaa kama unavyokaa kwenye tahiyatu, kile kikao cha swala, kisha tazama nyayo zako, halafu urudi.

Mkazi wa Upanga:

Nimecheka peke yangu hadi mke wangu amekuja kuuliza kuna nini. Wayo wa kushoto umelala chini, vidole vinaelekea nyuma, umbo lile lile ambalo tumekuwa tukilizungumza tangu mwanzo wa uzi. Wayo wa kulia umesimama, vidole vimekunjwa kuelekea kibla, yaani kinyume chake kabisa. Mara kadhaa kila siku kwa zaidi ya miaka 30 nimekuwa nikikinyoosha kifundo cha kushoto na kukikunja cha kulia. Nimejaribu kukalia visigino vyote viwili: upande wa kushoto wayo unagusa mkeka wote; upande wa kulia pamebaki nafasi ambayo mkono wangu unapita.

Mwendo Pole:

Msiharakishe kuhukumu. Mguu wa kulia si ndio uliokuwa ukipigia mpira? Mimi mguu wangu wa kupigia uliteguka mara tatu, na siswali, na kifundo hicho ni kigumu kama cha mleta uzi.

Fizio wa Dodoma:

Hoja yako ina uzito, ndugu Mwendo Pole, na kuteguka kwa kifundo huacha ugumu unaodumu miaka. Inawezekana sababu zote mbili zimekutana kwa mtu mmoja. Ili kuzitenganisha tungemhitaji mwenye kuswali aliyepigia mpira mguu wa kushoto. Tiba hata hivyo haibadiliki: mguu wa kulia upewe dakika mbili zaidi kwenye mkeka.

Mkazi wa Upanga:

Narudi baada ya wiki nane, kama nilivyowaahidi baadhi yenu kwa ujumbe wa pembeni.

Wiki mbili za kwanza nilifuata maelekezo ya dada BintiKisauni na sikugusa mikono kabisa. Chali, goti lisichomoze. Siku ya kwanza magoti yalichomoza kama vichwa vya viboko, moja baada ya jingine, na nilimeza maji mengi. Siku ya tano niligundua kwamba nikisukuma kitovu juu kidogo na kubana makalio, magoti yanabaki chini yenyewe. Teke la wima lilikuwa gumu zaidi. Nilianza na sekunde nane, mlinzi wa bwawa akiwa karibu, na sasa nafika 25 kabla maji hayajafika mdomoni.

Kosa nililolifanya ni la mapezi. Yalinipa mwendo ambao sijawahi kuupata maishani, nikayavaa nusu saa nzima kwa furaha, na nilipoyavua shavu la mguu wa kulia likakamaa katikati ya bwawa. Nilielea chali nikauvuta wayo kuelekea kwangu hadi ukaachia. Fizio alikuwa ameshasema dakika chache, sina wa kumlaumu.

Leo navuka mita 25 kwa miguu peke yake, uso majini, bila ubao, kwa sekunde 58. Si mwendo wa kujivunia, ila ninakwenda mbele. Nikiogelea mtindo huru kamili, nafanya mara nne za mita 25 kwa kupumzika nusu dakika, na ninapofika ukingoni naweza kuzungumza. Mateke mawili nimeyapata kwa njia ambayo sikuitarajia. Nilikuwa natoka bwawani nikielekea kituoni, nikaona kivuli changu, nikagundua kwamba ninapotembea mkono wa kulia unatoka na mguu wa kushoto bila mimi kuupangia. Mwili umeujua mpango huo tangu nilipojifunza kutembea. Jioni iliyofuata niliingia majini nikaacha kuhesabu, nikajiambia natembea tu, na kwa mizunguko kama sita hivi kila kitu kilikwenda.

Kinachoharibu sasa ni pumzi. Kila ninapogeukia kulia kuvuta hewa, miguu inaachana na kufunguka kama mkasi, nahisi kabisa mwili unasimama, kisha naanza upya. Nikigeukia kushoto halitokei. Je, hili nalo ni la kifundo?

BintiKisauni:

Hongera sana, na sekunde 58 uzihesabu kwa furaha, kwa sababu ulianza na namba ya kinyumenyume.

Mkasi huo si wa kifundo na si wa miguu. Unapovuta pumzi upande wa kulia, mkono wa kushoto ndio ulio mbele. Karibu kila mara ninapoona mkasi, mkono huo wa mbele unakuwa umevuka mstari wa katikati ya mwili, mbele ya kichwa, au unashuka na kuyakandamiza maji ili kuinua kichwa. Mwili unakosa mizani, unataka kupinduka, na miguu inafunguka kuuzuia usipinduke. Miguu inakuokoa, kwa hiyo usiigombeze. Nyoosha mkono wa kushoto mbele ya bega lake, si mbele ya pua, uuache pale hadi mdomo urudi majini, na uache jicho moja la miwani ndani ya maji unapovuta hewa. Kwa wiki moja ogelea ubavuni: mkono wa kushoto mbele, wa kulia juu ya paja, mateke madogo sita, kisha mkono mmoja, kisha ubavu wa pili.

Ukirekodi tena, mwambie yule kijana asimame mbele yako, mwishoni mwa njia, na si pembeni. Kutoka pembeni mkono uliovuka hauonekani.

Mkazi wa Upanga:

Video zote nilizonazo ni za pembeni. Jumamosi asubuhi nitamweka mwishoni mwa njia ya tatu, penye ile ngazi.